Waliolikwepa Diko

Mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, bahari ya bamvua, yaani ya siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huondoka kabisa. Maji yaliyokuwa yakipiga ufukweni alfajiri hurudi hadi mwambani, zaidi ya kilomita moja mahali pengine, na ifikapo saa nne asubuhi mgeni huona mchanga mtupu, vigingi vya mwani vikiwa wazi, na akina mama wakitembea kwa miguu palipopita mashua jana jioni. Hakuna wakati ambapo bahari humwita mgeni kwa upole kuliko huo, wala hakuna wakati ambapo mgeni huhitaji zaidi kuambiwa neno na mwenyeji.

Kisa hiki ni cha ufukwe huo. Nimekitunga mwenyewe, na ndiyo maana hakina jina la mtu wala la kijiji. Lakini hakuna jambo ndani yake lisiloweza kutokea kesho, kwa mtoto wa mtu yeyote.

Vijana watatu walivuka kutoka Dar es Salaam kwenda harusini. Wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja, wa tatu rafiki yao waliyesoma naye. Ulikuwa mwezi wa nane, kusi likivuma, na usiku wa harusi mwezi ulikuwa mpevu. Siku ya pili yake wakaamka na hamu ya kuvua. Wakachukua mishipi, ndoana, mfuko wa plastiki na kipande cha nondo walichokichonga ncha.

Ami yao, aliyewapokea nyumbani kwake, aliwaona wakitoka. Akawaambia, "Piteni dikoni kwanza. Muoneni mwenyekiti wa kamati, mumuulize wapi panavuliwa na maji yanarudi saa ngapi."

"Sawa, ami," akajibu mkubwa wao.

Hawakupita. Njiani walisikia kwamba sehemu ya mwamba ilikuwa imefungwa kwa ajili ya pweza, na kwamba mgeni anayetaka kuvua huulizwa kibali. Mkubwa akasema, "Tukipita pale tutazuiwa, na tusipozuiwa tutaombwa hela." Basi wakazunguka nyuma ya ukuta wa nyumba za wageni, wakakata moja kwa moja kuelekea mwambani.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na inafaa tulitazame vizuri. Diko ni mahali panapofikia vyombo, panaponadiwa samaki na kushonwa nyavu. Wanaokaa pale tangu alfajiri wanajua upepo umegeukaje, mlango upi wa mwamba una mkondo mkali leo, nani ametoka na chombo gani, nani bado hajarudi. Kamati ya wavuvi ya shehia hukaa hapohapo. Kwa hiyo anayelikwepa diko ili asiulizwe kibali hukwepa pia watu pekee ambao wangemwambia saa ya kurudi, na ambao wangemtafuta kama asingerudi. Vijana wale walidhani wanaikimbia sheria tu. Kumbe sheria na uokozi vilikuwa vimekaa kwenye jamvi moja.

Walipofika mwambani waliona boya na fito zilizochomekwa kwa mstari. Mdogo akauliza, "Hizi si ndizo alama zao?" Mkubwa akasema pweza ni wa Mungu. Wakaingia ndani ya mstari.

Pweza ni wa Mungu kweli, na ndiyo sababu haifai kumvua ovyo. Pweza wa mwambani huishi muda mfupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo. Hukua upesi mno, na jike hutaga mara moja tu maishani. Akishataga hujifungia ndani ya tundu, akayalinda mayai yake bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Ukimchokoa jike huyo kabla ya wakati umeondoa mama pamoja na maelfu ya watoto. Ndiyo maana vijiji kadhaa vya pwani yetu, kama Kisiwa Panza huko Pemba na Songosongo huko Kilwa, vimekubaliana kufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa, kisha kuzifungua, na hapo kijiji kizima hushuka pwani. Kwa Tanzania Bara, kanuni za uvuvi zimekwenda mbali zaidi: pweza aliye chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa. Mama wa kijijini ambaye amevumilia miezi mitatu bila kugusa tundu analolijua kama chumba chake, huku ada ya shule ikimdai, amelipa gharama kubwa. Mgeni anayeingia na nondo asubuhi moja huichukua akiba ya mama huyo bila hata kujua amemuibia nani.

Vijana walipata pweza wanne wadogo, wote hawajazi kiganja. Rafiki yao akaokota konokono wa bahari mwenye umbo la pia na madoa mazuri, akamtia mfukoni mwa suruali. Mungu alimuepusha na hilo. Konokono wa jamii ile ana mwiba wenye sumu, na baadhi yao wanaweza kumuua mtu mzima. Kwenye mwamba huohuo kuna samaki anayelala tuli akifanana na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni, na kuna taa aliyejifukia mchangani na mwiba wake mkiani. Wenyeji huenda mwambani wamevaa viatu vya plastiki au raba kuukuu, nao hukanyaga polepole. Vijana walikuwa pekupeku.

Saa tano na robo akina mama waliokuwa wakichokoa pweza nje ya mstari wakaanza kurudi. Mmoja wao, mtu mzima, ndoo kichwani, akapita karibu yao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Pale mlipo pamefungwa. Hamkuambiwa dikoni?"

Mkubwa akanyamaza. Mdogo akasema, "Hatukujua, bibi."

"Sasa mmejua. Na sie tunaondoka, nanyi ondokeni. Maji yanajaa."

Mkubwa akatazama mbele, kwenye ukingo wa mwamba. Mawimbi yalikuwa yakivunjika mbali, na miguuni pake maji hayajafika hata kwenye kifundo. "Maji yako wapi, bibi?"

"Yako nyuma yenu," akasema yule mama, akaenda zake.

Walilichukulia kuwa neno la mzee. Lilikuwa ukweli mtupu. Ufukwe ule haukuinuka sawasawa kutoka mwambani hadi mchangani. Mwamba umeinuka, na kati yake na nchi kavu kuna mabonde na mifereji. Maji yakirudi hupenya kwanza kwenye milango ya mwamba, yakajaza mifereji iliyo upande wa nchi kavu, wakati wewe uliyesimama juu ya mwamba bado umekanyaga pakavu. Unaikodolea macho bahari iliyo mbele, kumbe njia yako ya kurudi inazama mgongoni.

Halafu kuna mwendo wenyewe wa maji. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, lakini maji hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia hukigawa kimo cha kujaa mafungu 12. Katika saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Katika bamvua kubwa ya Unguja, tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Piga hesabu: katika saa ya kwanza maji yamepanda kama sentimita 30, na mtu haoni kitu cha kumtisha. Katika saa ya tatu na ya nne hupanda mita nzima kila saa. Anayesubiri mpaka aogope ndipo aondoke, huondoka saa ileile ambayo bahari inapanda kwa kasi kuliko zote.

Saa sita na nusu maji yalipowafika mapajani, vijana wakakubaliana kurudi. Mahali walipopita asubuhi kwa kuruka kijito sasa palikuwa na mfereji mpana wa kijani, maji yake yakienda kasi kuelekea mlangoni. Upepo wa kusi uliyasukuma mawimbi juu ya mwamba, na maji yote hayo yalikuwa yakitafuta pa kutokea. Mkubwa akajitupa kwanza, akaogelea kuukabili mkondo. Mdogo akamfuata.

Rafiki yao akasimama ukingoni. Hakujua kuogelea. Alikuwa amelificha jambo hilo tangu walipotoka nyumbani, akiona haya mbele ya wenzake, naye alitegemea kwamba kwa kuwa wanakwenda kwa miguu, watarudi kwa miguu. Maji yalipomfika kifuani, mdogo alirudi kumchukua. Mtu anayezama hushika chochote kilicho mbele yake kwa nguvu zake zote, akakikandamiza chini ili yeye apande. Walizama pamoja mara mbili. Mara ya tatu mdogo akaibuka peke yake.

Kule kijijini ami alikwenda dikoni saa saba. Akauliza kama wageni wake wamepita. Hakuna aliyewaona. Watu wakafikiri labda wamekwenda mjini, labda wamelala kwa jamaa wengine. Wangekuwa wamepita asubuhi na kusema wanakwenda mwambani, kuna mtu angewahesabu waliorudi pamoja na akina mama na kuona wageni hawamo. Nusu saa nzima ilipotea hivyo, mpaka yule mama wa ndoo, aliyekuwa akianika mwani wake, aliposikia wanaulizwa vijana watatu. "Niliwaacha ndani ya mstari," akasema.

Ngalawa mbili zikashushwa hapohapo. Ndugu wawili walikutwa wameshikilia kigingi cha shamba la mwani, wakitapika maji, nyayo za mkubwa zimepasuliwa na matumbawe. Rafiki yao alionekana kesho yake asubuhi, karibu na mlango wa mwamba. Maiti ikavushwa kwenda Dar es Salaam, na mama yake akapewa mtoto aliyekuwa amekwenda kula pilau ya harusi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga wamesema, lakini katika kisa hiki aliyekataa kusikia alirudi na majeraha, na aliyekufa alikuwa kijana mpole aliyefuata wenzake. Bahari haimchagui mkosaji. Kwa sababu hiyo anayeongoza wenzake kwenda majini amebeba amana, na jambo la kwanza analopaswa kuwauliza kabla hawajavua viatu ni nani kati yao hajui kuogelea. Na wewe usiyejua, sema. Haya yako haitakushikilia juu ya maji.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na idadi kubwa kabisa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia kufa maji. Nyingi kati ya ajali hizi zinazuilika kwa mambo ambayo hayahitaji fedha.

La kwanza ni kujua maji. Bamvua huja siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hutoka mbali na hurudi kwa nguvu. Siku za katikati ni za maji mafu, bahari ikienda na kurudi kidogo tu. Saa za kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo saa uliyorudi salama jana si saa ya kurudi leo. Ukienda mwambani, nenda maji yakiwa bado yanatoka, na ugeuke kurudi maji yakiwa yamefika mwisho wa kupwa. Wakiondoka akina mama wa pweza na wa mwani, ondoka nao. Saa yao ni ya uhakika kuliko ya mkononi.

La pili ni kujua cha kufanya ukishikwa. Mkondo ukikuchukua usishindane nao uso kwa uso, kwa kuwa utachoka kabla haujachoka wenyewe. Lala chali, elea, pumua, inua mkono uonekane, kisha ogelea kuukata mkondo kwa ubavu mpaka utoke ndani yake ndipo uelekee nchi kavu. Ukimwona mwenzako anazama, usimrukie mikono mitupu. Mtupie kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri humshikilia mtu mzima, na likifungwa kamba ndilo boya la maskini na tajiri. Kila anayeshuka mwambani angekuwa nalo moja, mama wa yule kijana huenda angekuwa na mwanawe leo.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkandamize tumbo ili maji yatoke. Kufanya hivyo hupoteza dakika anazohitaji. Mlazeni chali, mfungueni njia ya hewa, mpeni pumzi kwa mdomo, kisha mumkandamize kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kukoma, mpaka msaada ufike. Aliyechomwa na taa au na samaki mwenye sumu, tumbukizeni mguu wake kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, kisha mumpeleke hospitali.

La tatu ni sheria za uvuvi, na hizi mgeni asizione kuwa uadui. Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010, na Tanzania Bara ina ile Namba 22 ya mwaka 2003. Zote zinataka anayevua awe na leseni, na zote zimekataza baruti na sumu. Kasa hashikwi, wala mayai yake. Matumbawe hayang'olewi. Makombe mazuri unayoyaona mchangani ni nyumba za viumbe, nayo yaachwe pale pale. Maeneo mengine yamefungwa moja kwa moja: Malindi na Watamu nchini Kenya zimekuwa hifadhi tangu 1968, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya, ambavyo watu wa Dar es Salaam huvikimbilia siku za mapumziko, ni hifadhi za bahari tangu 1975. Kuogelea pale ni ruhusa ukilipa kiingilio. Kutupa ndoana si ruhusa.

Nina neno pia kwa wenyeji, kwa sababu lawama ya kisa hiki haiwaangukii vijana peke yao. Ami alisema maneno sahihi, lakini alipaswa kuwafikisha dikoni yeye mwenyewe. Wenye nyumba za wageni wanaomwuzia mtu chumba chenye kutazama bahari wana wajibu wa kumwandikia ukutani saa za maji za siku hiyo, kwa lugha anayoisoma. Kamati za wavuvi zilizochomeka boya na fito ziweke pia ubao ufukweni unaosema pamefungwa kwa sababu gani na mpaka lini, maana mgeni hawezi kuheshimu alama asiyoelewa. Na pale dikoni, mgeni akija kuuliza, asipokelewe kwa bei. Apokelewe kwa salamu na habari za maji kwanza, mazungumzo ya kibali yafuate. Vijana wale walikwepa kwa hofu ya kuombwa hela, na hofu hiyo haikuzuka hewani. Kila anayemtoza mgeni fedha isiyo halali ufukweni anawafundisha wageni wengine kupita nyuma ya ukuta.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa hiyo ukifika pwani usikozaliwa, iwe Jambiani, Mafia, Mtwapa au kando ya ziwa lolote la bara letu, watafute wanaotegemea maji hayo, uwape salamu, uwaulize mambo manne: maji yanarudi saa ngapi, wapi pamefungwa, kitu gani hakiguswi, na nani atanitafuta nisiporudi. Asiyetaka kuuliza hayo manne akae mchangani.